Uchague chama kipi? Mwongozo kwa mawakili, wapelelezi na watu wa maabara walioko Mombasa

Mombasa haikosi kesi za kila namna. Bandari ya Kilindini ina makontena yake, bahari ina majahazi yake ya heroini, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani pale Makadara hupokea majeruhi na waliobakwa usiku na mchana, na mahakama za Mombasa, Shanzu na Tononoka zimejaa faili. Wanaozishika faili hizo, awe wakili, mwendesha mashtaka, mpelelezi, muuguzi au mtu wa maabara, hufika mahali wakauliza: nijiunge na chama gani cha taaluma? Jibu wanalopewa mara nyingi ni orodha ndefu ya majina ya Kizungu, na kila jina lina ada yake kwa dola.

Hapa tutatumia kipimo kimoja badala ya orodha. Chagua chama kana kwamba kesho utapanda kizimbani kutoa ushahidi, na wakili wa upande wa pili ameushika wasifu wako mkononi. Chama kinachostahimili maswali yake ndicho cha kulipia. Wakili mwenyewe pia asidhani amesalimika, kwa sababu mteja wake na hakimu hujiuliza maswali yale yale hata wasipoyasema.

Kabla ya kuanza: vitu vinne visivyofanana

Watu huchanganya mambo haya, na wako wanaofanya biashara kwa mchanganyiko huo.

Usajili wa lazima ni ule ambao bila huo sheria haikuruhusu kufanya kazi. Uanachama wa hiari ni wa kuomba na kulipia. Unakupa jarida, mikutano na watu wa kuuliza. Cheti cha umahiri ni kingine kabisa: hapo umepimwa kwa mtihani na kwa kazi halisi, na kina tarehe ya kuisha ambapo utapimwa tena. Ithibati nayo ni ya maabara, si ya mtu. Maabara hukaguliwa kwa kiwango cha ISO/IEC 17025, na kwetu Kenya shirika linaloitoa ni KENAS, shirika la kitaifa la ithibati. Mtu akijisifu kwamba yeye binafsi ana ISO 17025, muulize maabara yake iko wapi.

Hatua ya kwanza: maliza deni la sheria

Wakili hana la kuchagua hapa. Chama cha Mawakili Kenya, LSK, kilianza mwaka 1948 na sasa kinaendeshwa kwa sheria ya mwaka 2014. Hati ya kufanya kazi ya uwakili huisha tarehe 31 Desemba, na ili uihuishe unatakiwa uwe na pointi 5 za mafunzo endelevu kwa mwaka. Tawi la hapa ni Mombasa Law Society. Ukiwa mgeni mjini, anzia huko kabla ya kufikiria chama chochote cha ng'ambo, kwa sababu ndiko utakakowajua watu utakaokutana nao mahakamani wiki baada ya wiki. Kongamano la mwaka la LSK kwa miaka mingi limekuwa likifanyika Diani, yaani kwa mtu wa Mombasa ni kuvuka feri ya Likoni tu, ilhali wenzako wa Kisumu na Eldoret wanalipa ndege. Usilikose.

Jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: ingia kwenye tovuti ya LSK, utafute jina lako mwenyewe uone linasomekaje. Wateja wa siku hizi hukutafuta kabla ya kukupigia simu.

Daktari anayefanya uchunguzi wa maiti au kujaza fomu ya P3 yuko chini ya baraza la madaktari, KMPDC. Mtu wa maabara ya hospitali yuko chini ya KMLTTB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Muuguzi ana Baraza la Wauguzi. Hawa wote wahakikishe leseni ya mwaka iko hai, na nambari yake waijue kwa kichwa.

Wanaobaki pembeni ni mchunguzi wa alama za vidole, wa risasi, wa miandiko, wa simu na kompyuta. Kenya haina bodi moja ya kisheria inayowasajili hawa kama LSK inavyosajili mawakili. Kwao vyama vya hiari vina uzito zaidi, na hatari ya kuuziwa karatasi tupu ni kubwa zaidi vilevile.

Hapa niseme jambo ambalo waalikaji wa vyama hawalisemi. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinairuhusu mahakama kusikiliza maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu katika sayansi, sanaa, sheria za kigeni, miandiko au alama za vidole. Kinachotajwa ni ujuzi. Uanachama haumo. Hakimu anaweza kumkubali mchunguzi asiye na chama hata kimoja lakini ana miaka mingi ya kazi, na akamkataa mwenye herufi kumi baada ya jina. Ukilielewa hili mapema utaokoa pesa nyingi.

Hatua ya pili: andika kazi yako kwa sentensi moja

Si cheo. Kazi. "Natoa data kwenye simu zilizokamatwa na kuiandikia ripoti." "Natetea watu walioshtakiwa kwa makosa ya kingono." "Nachukua sampuli kwa waliobakwa na kujaza fomu." Sentensi hiyo ndiyo itakayokuchagulia chama. Ukishindwa kuiandika, bado hujafika wakati wa kulipa ada ya mtu.

Hatua ya tatu: anzia nyumbani

Kwa wakili wa jinai, baada ya tawi la LSK, kuna FIDA Kenya, chama cha wanawake mawakili kilichoanza mwaka 1985, ambacho kina ofisi Mombasa. Na ICJ Kenya, iliyoko tangu 1959, kwa wanaopenda upande wa haki za binadamu na marekebisho ya sheria. Mahakimu na majaji wana chama chao, KMJA. Madaktari wana KMA tangu 1968. East Africa Law Society, yenye makao Arusha tangu 1995, ina faida kwa wakili wa Pwani ambaye kesi zake zinavuka mpaka wa Lungalunga. Shahidi yuko Tanga, mali iko Mombasa, mshtakiwa ana jamaa Pemba: utahitaji mwenzako wa upande wa pili wa mpaka ambaye unaweza kumpigia simu.

Polisi mambo yao ni tofauti kidogo. Ibara ya 24(5) ya Katiba ya 2010 inaruhusu sheria kuwabana wanajeshi na polisi katika baadhi ya haki, ikiwemo ile ya Ibara ya 41 inayohusu vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo afisa wa polisi asitafute chama cha kumtetea mshahara akakiita chama cha taaluma. Sacco ya polisi nayo ni ya akiba na mikopo. Ni kitu kizuri, lakini hakiendi kwenye wasifu wa shahidi mtaalamu. Kujiunga na chama cha kitaaluma kama vile cha wachunguzi wa alama za vidole ni habari nyingine, ila mwandikie mkubwa wako barua kwanza na uhifadhi nakala ya jibu. Hasa ukialikwa kuzungumza mkutanoni: kesi iliyo bado mahakamani si mfano wa kuonyesha kwenye skrini.

Utasikia pia EAPCCO na Interpol. EAPCCO ni umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioundwa Kampala mwaka 1998, na sekretarieti yake iko ofisi ya kanda ya Interpol, Nairobi. Interpol yenyewe ilianza Vienna mwaka 1923 na wanachama wake ni nchi, 196 kwa sasa. Mtu binafsi hajiungi. Mafunzo yao humfikia afisa kupitia idara yake, kwa hiyo mlango wa kubisha ni ofisi ya mafunzo ya kwenu. Na mtu akikuuzia kitambulisho cha "mwanachama wa Interpol", huyo ni wa kupelekwa kituoni Central akaandikwe kwenye OB.

Hatua ya nne: chagua kimoja cha nje, kimoja tu

Kimoja, kwa sababu ada za viwili huwa ndizo sababu ya kuacha vyote.

Mtu wa alama za vidole, wa eneo la tukio au wa nyayo, aangalie kwanza International Association for Identification, IAI, iliyoanzia California mwaka 1915. Ni chama cha watu wanaoshika brashi na poda, na vyeti vyake vya umahiri vinatokana na mitihani. Ukiwa mpelelezi wa Changamwe unayepiga picha eneo la tukio kwa simu na kamera ya ofisi, hapa utawapata watu wenye shida zako, tofauti ni vifaa tu.

American Academy of Forensic Sciences, AAFS, chama cha forensiki, yaani sayansi inayotumika kwenye kesi, ina makao Colorado Springs na ilianza 1948, mwaka ule ule na LSK. Ni pana: imegawanyika katika sehemu 12, toka anthropolojia, sumu na meno hadi nyaraka zenye utata, uchunguzi wa kidijitali na sheria. Naam, wakili anaweza kuingia sehemu ya sheria, akakaa meza moja na wanapatholojia. Jarida lake, Journal of Forensic Sciences, linasomwa na kila mtu wa fani hii. Uanachama una ngazi, ya mwanafunzi chini na ya fellow juu, na kupanda kunategemea kazi uliyofanya.

Mimi binafsi, kwa mtu wa Kenya anayetaka kimoja kipana, ningempeleka kwanza Uingereza, kwa Chartered Society of Forensic Sciences. Kilianza mwaka 1959 na kikapata hati ya kifalme mwaka 2013. Sababu yangu ni ya kisheria: taratibu zetu za ushahidi zimetoka kwenye sheria ya Uingereza, kwa hiyo mjadala wao kuhusu wajibu wa shahidi mtaalamu kwa mahakama unaingia kwenye kesi ya Mombasa bila kutafsiriwa sana. Wamarekani wana baraza la wazee wa mahakama kwenye kesi zao nzito, na nusu ya mawaidha yao ni jinsi ya kuzungumza na watu 12 wa kawaida. Wewe una hakimu mmoja, ameshasikia ripoti za Mkemia wa Serikali mara mia.

Kwa simu na kompyuta kuna IACIS, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa kompyuta, tangu 1990. Cheti chake kina sehemu ya vitendo inayokutaka uchunguze data na kueleza ulichokipata. Kwa DNA kuna International Society for Forensic Genetics, tangu 1968. Kwa wizi wa fedha na hesabu za kupikwa kuna ACFE, chama cha wachunguzi wa ulaghai cha Austin, Texas, iliyoanza 1988 na yenye tawi Kenya. Lakini kabla ya kuvuka bahari fahamu kwamba KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu, ina mtihani wake wa wachunguzi wa ulaghai, CFFE, unaoufanyia hapa hapa nchini. Kwa mkaguzi wa hesabu wa kampuni ya mizigo pale bandarini, hiyo ya KASNEB inatosha kuanzia.

Muuguzi wa kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia pale Makadara asijione mtu wa pembeni. International Association of Forensic Nurses ipo tangu 1992 na kazi yake ni hii hii: namna ya kumhoji aliyeumizwa bila kumuumiza tena, sampuli ipi ichukuliwe kabla ya ipi, maneno gani yaandikwe na yapi yasiandikwe. Kwa maoni yangu hii ndiyo nafasi inayosahauliwa zaidi Pwani, ilhali kesi nyingi za ubakaji husimama au huanguka kwa kile muuguzi alichofanya saa za kwanza.

Waendesha mashtaka wana International Association of Prosecutors, iliyoundwa 1995 na yenye ofisi The Hague. Mwaka 1999 ilitoa viwango vya uwajibikaji wa mwendesha mashtaka ambavyo kila mtu wa ODPP, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, afaa kuvisoma, mwanachama asiwe mwanachama. Polisi wa ngazi za juu wana IACP, chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi, cha mwaka 1893; maafisa wanawake wana International Association of Women Police. Wakili mwenye ndoto za The Hague ana chama cha mawakili wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kilichoanza 2016.

Hatua ya tano: kipeleke kizimbani

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chukua jina la chama ulichokichagua, kaa na mwenzako mkali, mpe kazi ya kuwa wakili wa upande wa pili. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Bwana shahidi, hizi herufi baada ya jina lako ni za nini?"

"Ni cheti cha mtaalamu wa forensiki."

"Ulikipataje?"

"Nilifanya mtihani mtandaoni."

"Nyumbani kwako? Vitabu vikiwa mezani?"

"Ndiyo."

"Ungefeli, ungeruhusiwa kurudia siku ile ile?"

"Nadhani ndiyo."

"Kuna mtu aliyewahi kufeli?"

"Sijui."

"Nakuambia ya kwamba ulilipa, kisha ukapewa."

Hapo hakimu ameshaandika. Ripoti yako inaweza kuwa sahihi neno kwa neno, lakini sasa inasomwa na mtu anayekutilia shaka.

Maswali ya kukiuliza chama kabla hujalipa ni haya. Mtu huingiaje: kwa kazi na wadhamini, au kwa kadi ya benki peke yake? Nani mwingine amekikagua? Kuna kanuni za maadili, na kuna mtu aliyewahi kufukuzwa kwa kuzivunja? Cheti kinaisha lini, na ukitaka kukihuisha unapimwa au unalipa tu? Bodi ya uongozi ina watu unaoweza kuwatafuta ukaona makala zao na mahali wanapofanya kazi, au picha za watu wenye suti bila historia?

Si maswali ya bure. Miaka ya mwanzo ya 2000 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Steve Eichel, alimtafutia paka wake vyeti vya tiba ya hipnosi, na paka akapewa. Mwaka 2012 mwandishi wa ProPublica asiye na msingi wowote wa fani alilipa dola 495, akapita mtihani wa mtandaoni na kuwa mshauri wa forensiki mwenye cheti. Jina la chama kilichompa lilikuwa refu na la heshima. Kama paka anaweza kuwa mtaalamu, herufi peke yake haziwezi kukutetea Shanzu.

Kwa vyama vya Marekani kuna njia ya mkato. Bodi iitwayo Forensic Specialties Accreditation Board, iliyoundwa mwaka 2000, hukagua mashirika yanayotoa vyeti vya umahiri. Tafuta jina la shirika kwenye orodha yake. IAI na IACIS wamo. Kiwango cha kimataifa cha mashirika ya aina hiyo ni ISO/IEC 17024. Chama kinachotoa vyeti kikidai kinakifuata, kiombe nambari ya ithibati na jina la aliyeitoa.

Hatua ya sita: omba bila kujitia doa

Fomu nyingi zinafanana: wasifu, nakala za vyeti, wadhamini wawili au watatu, na kauli ya kukubali maadili. Kuna mambo matatu yanayowasumbua watu wa Pwani hasa.

La kwanza ni jina. Cheti cha shule kinasema Mohamed, kitambulisho kinasema Mohammed, pasipoti imeongeza jina la babu, na digrii imeacha jina la baba. Kwetu sisi ni mtu mmoja, kila mtu mtaani anajua. Kwa karani wa Colorado ni watu wawili, na kwa wakili wa upande wa pili ni nusu saa ya maswali. Amua tahajia moja, ile ya kitambulisho, na uapishe hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote ni yako. Ifanye sasa, maana utaihitaji pia kwa viza ya mkutano.

La pili ni mifano ya kazi. Vyama vingine huomba ripoti uliyowahi kuandika. Usitume ripoti ya kesi halisi ikiwa na jina la mwathiriwa, nambari ya simu au picha ya mwili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu, na heshima ya watu inakuhusu zaidi. Futa majina, nambari za faili na mahali, kisha ombea ruhusa kile kilichobaki.

La tatu ni malipo. Huhitaji akaunti ya dola. Kadi ya Visa inayotengenezwa ndani ya M-Pesa inalipa tovuti nyingi za nje. Uliza kwanza kama kuna ada nafuu kwa wanafunzi au kwa nchi zetu, na uulize kwa barua pepe, si kwa kubahatisha kwenye fomu. Mwanafunzi wa Technical University of Mombasa au wa kampasi ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi hapa mjini aombe uanachama wa mwanafunzi akiwa bado na kitambulisho cha chuo. Akishahitimu mlango huo unafungwa.

Mdhamini unampata wapi ikiwa hakuna unayemjua ndani? Soma makala ya Mkenya au Mtanzania kwenye jarida la chama, umwandikie swali moja la maana kuhusu alichoandika. Watu hujibu maswali ya maana. Wasichojibu ni barua inayoanza na "naomba unidhamini".

Hatua ya saba: kitumie, na kitumie kwenye faili

Mihadhara ya mtandaoni ya Wamarekani mingi huwekwa mchana kwao. Saa saba mchana ya New York ni saa mbili usiku Mombasa wakati wao wa kiangazi, na saa tatu usiku wakati wao wa baridi. Ni saa nzuri, watoto wamelala. Mikutano mikubwa yenyewe, kama ule wa AAFS wa kila Februari, isikuumize kichwa miaka ya kwanza.

Kitu chenye thamani kubwa zaidi ni bure, na hakihitaji uanachama. Viwango vya AAFS Standards Board unapakua bila kulipa. OSAC, kundi la kamati za viwango vya forensiki lililoundwa Marekani mwaka 2014, ina sajili ya viwango iliyo wazi. ENFSI, mtandao wa maabara za forensiki za Ulaya, ina miongozo ya utendaji. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, ina vitabu vya kupima heroini, kutunza eneo la tukio na kuchunguza wanyamapori. Ukiwa wakili wa utetezi, pakua kiwango kinachohusu kipimo kilichotumika dhidi ya mteja wako, ukisome kando ya ripoti, utie alama kila hatua ambayo ripoti haikuitaja. Hayo ndiyo maswali yako ya mahakamani. Na kumbuka kwamba Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu ripoti ya mchunguzi wa serikali kupokewa kama ushahidi, lakini pia kinairuhusu mahakama kumwita mwenyewe ahojiwe. Mkemia wa Serikali ana tawi Mombasa. Hoja kwamba shahidi yuko mbali haina nguvu kila mara.

Kwa upande wa upelelezi, tazama kesi ya pembe za ndovu zilizokamatwa Tudor Juni 2014, zaidi ya tani 2. Julai 2016 mahakama ya Mombasa ilimhukumu mshtakiwa miaka 20 na dunia nzima ikapiga makofi. Agosti 2018 Mahakama Kuu, hapa hapa Mombasa, ikafuta hukumu hiyo kwa sababu ya upungufu wa ushahidi. Pembe kwamba ni pembe hakuna aliyebisha. Kesi za namna hii hugeuka kwenye kumfunga mtu na mzigo: nani aliuona, nani aliupokea, gari liko wapi, karatasi iko wapi. Mafunzo ya chama chochote utakayoyachukua, yaanzie kwenye makabidhiano ya vielelezo. Jina, saa, sahihi, lakiri; na kwa picha au data ya simu, cheti kinachotakiwa na Kifungu cha 106B cha sheria hiyo hiyo ya ushahidi. Hakuna uanachama unaoziba pengo la karatasi hiyo.

Vifo vya waumini wa dhehebu moja huko Shakahola navyo vilionyesha upande mwingine. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa Kilifi kuanzia 2023, na familia zilitoa sampuli za DNA zikasubiri. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024. Mtu wa maabara au wa patholojia aliye Pwani akitaka kuchagua kundi la kusomea ndani ya chama chake, utambuzi wa miili kwenye maafa ya watu wengi ndilo somo ambalo eneo letu limeshalipa gharama ya kulijua. Sheria ya huduma ya makorona, yaani wachunguzi wa vifo vyenye utata, ilipitishwa tangu 2017, na siku itakapofanya kazi kikamilifu patahitajika watu waliokwisha kujiandaa.

Hatua ya nane: andika sawasawa, na ujue kuacha

Kwenye ripoti andika uanachama kama ulivyo: jina la chama, ngazi yako, mwaka ulioingia. "Mwanachama mwanafunzi" si "mwanachama". Usiweke herufi baada ya jina kwa uanachama wa kulipia tu. Herufi ni za cheti ulichopimwa. Aliyehudhuria warsha ya siku mbili Nyali aandike alihudhuria warsha ya siku mbili, bila kuongeza neno.

Desemba, ukiwa unashughulikia hati ya LSK au leseni ya mwaka, pitia pia na ada za hiari. Kama mwaka mzima hukufungua jarida, hukuhudhuria mhadhara, na hakuna mtu wa chama hicho uliyemwandikia, acha kulipa. Ukiacha, ondoa jina lake kwenye wasifu, kwenye sahihi ya barua pepe na kwenye ile ripoti unayoinakili kila mara kubadilisha tarehe tu. Ile ya mwisho ndiyo inayosahauliwa.